Mizani imegoma kushuka? Fanya hivi

Kwanza usibabaike wala usianze kukaa njaa siku nzima. Mwili ukishapungua unachoma kalori chache kuliko mwanzo, yaani sahani ileile iliyokupunguza sasa inakubakisha hapohapo tu. Angalia vya pembeni, na hapa Lamu ndo kwenye shida yenyewe: tui kwa wali, tui kwa mbaazi, tui kwa samaki, halafu asubuhi mahamri matatu na chai ya sukari... kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, hesabu mwenyewe. Siku ya wali wa nazi basi samaki awe wa kuchoma na ndimu. Samaki mwenyewe usimpunguze lakini, protini inashibisha na inalinda misuli. Mazoezi nayo badilisha, kama ushazoea kutembea mpaka Shela basi ukifika endelea ufuoni kwenye mchanga laini, mapaja yatasema, na mara mbili kwa wiki piga pushapu na skwati hapo nyumbani. Pima kiuno pia, sio kilo peke yake, na usingizi usiuibe. Mwenye sukari au presha aongee na daktari kwanza.