Somo: Mtoto akiumwa na nge

Kaskazini mwa Kenya, nge wa kuogopwa ni yule mwenye mkia mnene na magando membamba. Wa magando mapana kama ya kaa kwa kawaida huuma kwa maumivu tu. Hata hivyo, usipoteze muda kumsaka. Na pale alipouma huwa panadanganya: pengine hapajavimba hata kidogo, kumbe sumu imeshafika moyoni.

1. Andika saa aliyoumwa. Vua bangili au pete. Osha kwa sabuni, kisha weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10, pumzisha 10. Usifunge kamba, usichanje.

2. Paracetamol mg 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 ni mg 180, yaani ml 7.5 za dawa ya maji yenye mg 120 kwa ml 5. Rudia baada ya saa 6. Anayetapika asipewe kitu kwa mdomo.

3. Chini ya miaka 6, hospitali papo hapo, hata kama ametulia. Aliyezidi hapo, mkague kila nusu saa. Mshike nyayo na viganja: vikiwa baridi na jasho linamtiririka, ondokeni. Vilevile akitokwa mate mengi, akitapika, macho yakizunguka, misuli ikirukaruka au akihema.

4. Hospitalini, maumivu hutulizwa kwa sindano ya ganzi pale alipoumwa. Dalili za moyo zikianza, prazosini, dawa iliyozoeleka sana India kwa nge mwekundu: mikrogramu 30 kwa kilo, mtoto akiwa amelala, maana akiinuka presha hushuka ghafla. Kosa la kawaida ni dripu. Mtoto anatapika, anatoka jasho, anaonekana kakaukiwa. Anamiminiwa maji, na mapafu yanajaa.

Maswali

Piriton, dawa ya mzio, inasaidia?
Haigusi sumu ya nge. Humlaza mtoto, ukashindwa kujua kama ni usingizi au anazidiwa.

Hospitali ina dawa ya sumu ya nyoka. Achomwe hiyo?
Hapana. Haizuii sumu ya nge, na yenyewe inaweza kuleta mzio mkali.

Siku ya nne, kidole bado kina ganzi.
Ganzi na kuwashwa huweza kudumu hata wiki mbili. Mrudishe akipata homa, pakitoka usaha, au akichoka na kuhema anapocheza.

Jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa penye jeraha, je?
Halivuti chochote. Linakula muda wa safari.