Wikendi Bergen kwa Mwenye Pasipoti ya Nyumbani: Kagua Njia ya Kurudi Kabla ya Kuondoka

Mwongozo huu unamhusu Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Uingereza kwa ruhusa ya kazi, ya masomo au ya ukaazi, ambaye bado anasafiri kwa pasipoti ya nyumbani na angependa kutembelea Bergen, Norway, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Wenzetu wenye pasipoti ya Uingereza hukata tiketi Jumatano wakaondoka Ijumaa. Sisi inatubidi tuanze miezi miwili kabla, na jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba sehemu kubwa ya matayarisho hayo haiihusu Norway hata kidogo, bali inahusu kurudi Uingereza. Masuala ya viza nitayapitia haraka, kwa kuwa hakuna kati yetu ambaye hajawahi kujaza fomu za viza. Suala la kurudi nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndiko nilikokwamishwa.

Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu mwaka 2001, na Uingereza haimo. Kwa hiyo ruhusa ya kuishi London, hata iwe ya kudumu, haikuruhusu kuingia Bergen. Ndugu zetu walioko nyumbani hawalielewi jambo hili, na shangazi yangu hadi leo huuliza inakuwaje mtu aliye Ulaya tayari aombe viza ya kwenda Ulaya. Shangazi, kwa heshima zote, Ulaya ina milango mingi na kila mmoja una mlinzi wake. Maombi hupelekwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Utahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, mahali pa kulala, na uthibitisho kwamba ruhusa yako ya Uingereza itaendelea kuwapo angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen. Ukiwa unapitia Amsterdam au Copenhagen, ukaguzi wa kuingia utafanyika huko, lakini maombi unayaelekeza kwa Norway kwa sababu ndiko unakokwenda.

Kwenye karatasi ya viza kuna kisanduku kimoja ambacho watu hukipita kwa macho, nacho ni kile cha idadi ya siku. Viza inaweza kuonyesha kipindi cha wiki kadhaa, na bado idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa ndani ya kipindi hicho ikawa ndogo mno. Siku ya kuingia huhesabiwa na siku ya kutoka huhesabiwa, kwa hiyo Ijumaa hadi Jumapili ni siku tatu kamili. Anayeomba siku tatu hupewa siku tatu, na ndege yake ya Jumapili usiku ikimwacha, Jumatatu asubuhi anakuwa mkaaji asiye na ruhusa. Zamani afisa aliyechoka aliweza kuihesabu mihuri vibaya, lakini mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka, ulioanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2025, haukosei kuhesabu. Panga safari yako iishe Jumatatu au Jumanne, ulipie chumba hadi siku hiyo, na uombe viza kwa tarehe hizo. Gharama ya usiku mmoja wa hoteli ni ndogo kuliko gharama ya kueleza kwa nini ulizidisha siku, na maelezo hayo utayarudia katika kila fomu ya viza utakayojaza baadaye.

Sasa nije kwenye mtego wenyewe.

Serikali ya Uingereza imeachana na kadi za plastiki za ukaazi. Nyingi kati yake ziliandikwa kwamba zinaisha tarehe 31 Desemba 2024, hata kwa watu ambao ruhusa zao zilikuwa na miaka mingi mbele, na mahali pake pamechukuliwa na eViza, ambayo ni kumbukumbu iliyomo kwenye kompyuta za idara ya uhamiaji. Kumbukumbu hiyo imefungwa kwenye namba ya pasipoti uliyokuwa nayo siku ulipofungua akaunti yako ya uhamiaji mtandaoni, wala haijui kwamba tangu wakati huo umeshapata pasipoti nyingine. Sisi tunabadilisha pasipoti kama kawaida: tunajaza maombi mtandaoni, tunapanga miadi ubalozini, tunatoa alama za vidole, tunasubiri, tunapewa kitabu kipya chenye namba mpya, na tunarudi nyumbani tukidhani shughuli imekwisha. Upande wa ubalozi ni kweli imekwisha. Upande wa uhamiaji wa Uingereza haijaanza, na hakuna atakayekukumbusha.

Ubaya wa mtego huu ni kwamba hauonekani unapoondoka. Pale London, wafanyakazi wa shirika la ndege hutazama viza ya Schengen, wakiiona ipo katika pasipoti mpya wanakutakia safari njema. Afisa wa mpakani Norway hutazama viza hiyo hiyo pamoja na hoteli na tiketi ya kurudi. Kila mtu anaridhika. Jumapili jioni, kwenye kaunta ya Flesland, uwanja wa ndege wa Bergen, mfanyakazi anaingiza namba ya pasipoti mpya, kompyuta inauliza Uingereza kama abiria huyu anaruhusiwa kuingia, na jibu linalorudi ni kwamba hakuna kumbukumbu. Kwake yeye wewe ni Mwafrika mwenye pasipoti isiyo na viza ya Uingereza, anayetaka kupanda ndege ya Uingereza.

Ndivyo ilivyonitokea mimi. Nilimwonyesha mfanyakazi huyo simu yangu. Nilimfungulia akaunti yangu, ikiwa na picha yangu, jina langu na tarehe ambayo ruhusa yangu ingeisha, na alisoma kila kitu kwa makini. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye hupokea jibu la kompyuta yake, si la simu ya abiria. Nilikasirika sana wakati ule, lakini nikilitazama jambo hilo kwa utulivu naielewa hofu yake, kwa kuwa shirika linalompeleka Uingereza abiria asiye na hati zinazotakiwa linaweza kutozwa pauni 2,000, na hakuna mfanyakazi wa kaunta anayetaka kuwa chanzo cha faini hiyo. Ipo simu ambayo serikali ya Uingereza imeiwekea mashirika ya ndege, ya usiku na mchana, ili waulize habari za abiria wa namna hii. Ilipigwa, ikasubiriwa, na jibu lilipopatikana mlango wa ndege ulikuwa umefungwa. Nilisafiri kesho yake kwa tiketi niliyoilipia upya, huku kile kisanduku cha siku kikiwa kimeshajaa, na afisa wa mpakani akaniuliza maswali marefu ambayo sikuwa na jibu fupi la kumpa.

Kwa hiyo siku unayopokea pasipoti mpya, kabla hujaifurahia, ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji ya Uingereza uongeze hati mpya ya kusafiria. Utapiga picha ya ukurasa wenye maelezo yako na kuituma. Usidhani kubonyeza kitufe cha kutuma ndiyo kukamilisha, kwa sababu mabadiliko huchukua muda kushughulikiwa; subiri barua pepe ya kuthibitisha, kisha uingie tena uone kwa macho yako kama namba mpya ndiyo inayoonekana. Narudia: barua pepe ikiwa haijaja, usikate tiketi. Narudia tena kwa wale wanaosoma miongozo wakiwa wamekwisha kufunga mizigo: ruhusa yako inaweza kuwa halali kabisa na bado ukaachwa uwanjani, kwa sababu kaunta haiulizi kama una ruhusa, inauliza kama namba hii ina ruhusa.

Kabla ya kuondoka, tengeneza pia namba ya uthibitisho (share code) kutoka kwenye akaunti hiyo. Ina herufi na tarakimu tisa kwa jumla, hudumu siku 90, na ukichagua sababu isiyo ya kazi wala ya kupanga nyumba itaanza na herufi S. Iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, maana mtu anayeikagua huhitaji vyote viwili. Chapisha ukurasa wa ruhusa yako. Beba pasipoti ya zamani iliyokatwa pembe, na kama bado unayo ile kadi ya plastiki ibebe pia, ingawa yenyewe haikupandishi ndege. Watoto nao wana kumbukumbu zao, kila mmoja na akaunti yake inayosimamiwa na mzazi. Mtoto aliyepata pasipoti mpya ya Kenya mwaka huu ananasa katika mtego ule ule, na pengine kwa urahisi zaidi, kwa kuwa pasipoti za watoto hubadilishwa mara nyingi.

Nina maoni yangu kuhusu jambo hili. Nyumbani tunazicheka ofisi zetu kwa kupenda mihuri na karatasi zilizogongwa nakala tatu, na kweli zinachosha. Lakini karatasi yenye muhuri iko mikononi mwako, unaweza kumwekea mtu mezani, na hata intaneti ikikatika inaendelea kusomeka. Waingereza wameihamishia haki ya mtu mahali ambapo mwenyewe hawezi kuishika, kisha wakamwachia mfanyakazi wa shirika la ndege katika nchi nyingine kazi ya kuitafuta. Na wenzetu wenye pasipoti ya Uingereza hawajui kama mfumo huo upo. Nilipowasimulia wenzangu kazini, walishangaa kana kwamba ninawaeleza habari za sayari nyingine.

Kuhusu kualikwa na ndugu: Norway ina Wakongo na Warundi wengi waliofika kama wakimbizi, na huenda unaye jamaa huko atakayekwambia njoo tu, nyumba ipo. Mwambie kwamba nyumba kuwapo hakutoshi. Ukiandika kwenye maombi kwamba utalala kwake na kugharimiwa naye, atatakiwa kujaza fomu ya dhamana. Vivyo hivyo kwa binamu aliyekuja London kutembea kwa viza ya ugeni, anayetaka kuunganishwa kwenye safari yako: viza yake ya Uingereza haimfikishi Bergen, na maombi ya Schengen kwa kawaida hufanywa katika nchi mtu anakoishi. Alipaswa kuifikiria safari hiyo akiwa Nairobi.

Mji wenyewe hauna shida. Mvua ipo, na ni nyingi kuliko unavyodhani, zaidi ya milimita 2,200 kwa mwaka. Kati ya tarehe 29 Oktoba 2006 na 21 Januari 2007 ilinyesha kila siku, siku 85 mfululizo. Hata mtu wa Bukoba atashangaa, kwa sababu mvua yetu hunguruma, humwagika na kuondoka, ilhali hii hudondoka kimya kuanzia asubuhi hadi usiku bila haraka yoyote. Acha mwavuli, upepo utauvunja. Nunua koti la mvua lenye kofia na viatu visivyopitisha maji. Mwezi Desemba mwanga wa mchana hudumu kwa muda wa kama saa sita tu, kwa hiyo Mei na Juni zinafaa zaidi.

Kutoka Flesland panda tramu, ambayo hufika katikati ya mji kwa takriban dakika 45 na nauli yake ni nafuu kuliko ya basi la uwanjani. Hakuna geti wala kondakta mlangoni, na wageni hudhani ni bure; kata tiketi kwanza, kwani wakaguzi huingia bila taarifa na faini yao ni kali. Watu wa huko hukuamini hadi siku wanapokukagua, na siku hiyo hawasikilizi hadithi. Fedha ni krona, si euro, na kadi ya benki inatosha kila mahali. Bryggen, safu ya nyumba za mbao za wafanyabiashara wa Kijerumani waliouza samaki mkavu, ilijengwa upya baada ya moto wa 1702 na imo katika Urithi wa Dunia tangu 1979. Nenda asubuhi kabla meli za watalii hazijamwaga abiria. Treni ndogo ya kupanda mlima wa Fløyen hadi mita kama 320 ipande mara tu mawingu yanapofunguka, usingoje kesho. Mvua ikizidi, ingia katika majumba ya sanaa ya KODE ukatazame michoro ya Munch, mchoraji maarufu wa Norway. Samaki wa soko la bandarini ni wazuri, lakini bei yake itakukumbusha soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kwa uchungu.

Chakula cha Jumapili kinunue Jumamosi, kwa maana maduka makubwa hufungwa Jumapili. Na siku ya kuondoka fika kaunta saa tatu kabla ya ndege, hata kama umekwisha kupata kadi ya kupandia kwenye simu, ili kama kompyuta itakukana, ile simu ya kuulizia ipigwe na kujibiwa mlango wa ndege ukiwa bado wazi.