Kabla ya kukata kebo, jaribu antena

Usisitishe huduma ya kebo (televisheni ya kulipia inayoletwa kwa waya) kwanza ndipo uanze kuhangaika. Chukua antena, iweke dirishani upande ulipo mnara wa kurushia matangazo, kisha tafuta chaneli upya kwenye televisheni (ya zamani itahitaji king'amuzi). Kila ukiihamisha, tafuta tena. Wengi husahau hapo na kuilaumu antena bure. Ipandishe juu uwezavyo, maana kuta za zege na bati hula mawimbi. Chaneli za bure hazitaki intaneti hata kidogo. Filamu na tamthilia ndizo za mtandaoni, na kwa picha ya HD (iliyo safi zaidi) kasi ya intaneti ya megabiti 5 hivi kwa sekunde inatosha. Lipia huduma moja tu ya filamu za mtandaoni, itazame mpaka uichoke, ndipo uhamie nyingine.