Somo: Spea isiyolingana na matairi mengine ya pikapu, na namna ya kuchagua matairi mapya

Kila msimu wa mavuno napigiwa simu na watu waliokwama njiani wakiniuliza swali lilelile: "Spea yangu ni saizi nyingine, naweza kuitembelea?" Unaweza, kwa umbali mfupi na mwendo wa pole, ilimradi ujue unaifunga kwenye ekseli ipi, ya mbele au ya nyuma. Maelezo kamili ni haya, na kuanzia leo atakayepiga simu nitamwelekeza hapa. Mifano yangu ni ya Toyota Hilux ya fowili (inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne), kwa kuwa ndiyo ninayoiendesha.

Hatua ya 1. Toka barabarani, vuta hendibreki, weka alama za pembetatu mbele na nyuma, na zuia gurudumu la upande wa pili kwa jiwe. (Jiwe hilo uondoke nalo au ulitupe porini. Wanaoacha mawe katikati ya lami wanaua watu.)

Hatua ya 2. Legeza nati gari likiwa bado chini, kisha weka jeki chini ya ekseli.

Hatua ya 3. Shusha spea kwa kuzungusha kile chuma kirefu cha jeki kupitia tundu lililo karibu na bampa ya nyuma.

Hatua ya 4. Soma namba za ubavuni mwa spea na za matairi mengine. Katika 265/65R17, namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wengi huishia kwenye 17, wakaona rimu zinalingana, wakaridhika. Kinachotakiwa kulingana ni kimo cha tairi zima. Tairi la 265/65R17 lina kimo cha milimita 776 hivi, na la 225/70R17, ambalo nalo hufungwa kiwandani kwenye baadhi ya Hilux, lina milimita 747. Kwa macho tofauti hiyo ni upana wa vidole viwili, lakini katika kila kilomita moja tairi kubwa huzunguka mara 410 na dogo mara 426.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo someni taratibu. Nilikuwa natoka Pahi, wilayani Kondoa, na magunia manane ya mahindi, tairi la nyuma kushoto likapata pancha. Gari nililinunua kwa mtu likiwa na spea ya 225/70R17 wakati matairi yote manne ni 265/65R17, nami nikaifunga palepale palipotoka tairi bovu, kama ambavyo kila mtu angefanya. Njia ilikuwa na tope, nikaingiza fowili, nikapanda hadi Kolo na kuingia kwenye lami nikiwa nimesahau kuitoa. Kabla sijafika Bereko usukani ulikuwa mzito kila kona, gari likishtuka kama linalovutwa kwa nyuma, na nilipotaka kutoa fowili, gia yake ilikataa kabisa kusogea. Niliivuta kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara, ambaye baadaye nilifahamu kuwa aliwahi kuwa dereva wa lori, aliniambia niache kupigana na chuma, nirudi nyuma mita tano kwa usukani ulionyooka. Nilirudi, ukasikika mlio mmoja mzito chini ya gari, na gia ikatoka yenyewe. Nilipomwaga oili ya difu ya nyuma (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) wiki iliyofuata, ilikuwa nyeusi na ina vumbi la chuma linalong'aa kwenye vidole.

Sababu ni kwamba fowili ya aina hii huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma kama kitu kimoja. Kwenye tope au mchanga, matairi huteleza kidogo na tofauti ya mizunguko hupotelea hapo. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, kwa hiyo tofauti hujikusanya ndani ya gia hadi zinabanana. Hata bila fowili, matairi mawili ya ekseli ya nyuma yakitofautiana kimo, gia ndogo za ndani ya difu, ambazo zimetengenezwa kufanya kazi kwenye kona tu, huzunguka muda wote na kupata joto.

Basi fanya hivi: spea isiyolingana ifungwe mbele. Pancha ikiwa nyuma, hamishia nyuma tairi zima la mbele, kisha funga spea mbele. Ni kazi ya kupiga jeki mara mbili, nami najua jua linawaka, lakini difu ni ghali kuliko jasho. Spea ikishafungwa, usiingize fowili kwenye lami kwa hali yoyote, wala usiwashe difu loki ya nyuma (inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja) isipokuwa umekwama kabisa. Usukani utavuta kidogo upande mmoja, na taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki) inaweza kuwaka kwa sababu gurudumu moja linazunguka kwa kasi tofauti na mengine, hivyo acha nafasi kubwa kwa gari la mbele na usizidi kilomita 80 kwa saa.

Hatua ya 6. Kaza nati kwa kuruka upande, si kwa kufuatana, na urudie kuzikaza baada ya kilomita 50. Rimu za gari zikiwa za aloi na ya spea ikiwa ya chuma, hakikisha sehemu ya nati iliyochongoka ndiyo inayokaa kwenye tundu.

Hatua ya 7. Nenda kwa fundi pancha aliye karibu, si nyumbani.

Kuchagua matairi mapya. Anza na karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambayo inataja saizi na upepo. Kisha tazama namba inayofuata saizi, kwa mfano 112S. Namba 112 ina maana kwamba tairi moja linabeba kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Niliwahi kuuziwa matairi ya 225/65R17 102H na muuzaji aliyeniapia kuwa "inchi 17 ni inchi 17". Hayo ni matairi ya magari madogo ya familia, kila moja hubeba kilo 850, na pikapu yenye gunia nane nyuma haiyataki. Tarehe nayo iko ubavuni, tarakimu nne: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Kuhusu kashata, yaani mikato ya uso wa tairi, usinunue za tope kwa sababu zinapendeza. Kama safari zako nyingi ni za lami, zitapiga kelele, zitashika vibaya kwenye mvua, na zitaisha mapema.

MASWALI

Kijana wa Mizigo: Mkuu, spea yangu ni ndogo kidogo, naenda Singida kutokea Dodoma na mzigo. Nifunge tu nyuma?

Jibu: Soma hatua ya 5.

Kijana wa Mizigo: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Si ukali, ndugu yangu. Safari hiyo inazidi kilomita 200, na kwa saizi nilizozitaja, tairi dogo litazunguka zaidi ya mara 3,000 za ziada huku difu ikilipia. Funga mbele, ukarabati pancha Dodoma kabla hujaondoka.

Mama Vifaranga: Shikamoo mwalimu. Pikapu yangu inavuta nyuma tu, haina fowili. Matairi ya nyuma yamekwisha na ya mbele yana nusu. Nikinunua mawili mapya, yakae wapi? Na je, tairi jipya na lililolika la saizi moja yana kimo sawa?

Jibu: Marahaba, dada, na ahsante kwa swali la mtu aliyesoma. Yafunge nyuma. Kwenye maji, matairi ya mbele yakiteleza utahisi usukani umekuwa mwepesi na utaachia mafuta, lakini ya nyuma yakiteleza gari hugeuka kabla hujajua. Kuhusu kimo, hayako sawa. Tairi lenye kashata ya milimita 10 na lililobaki na 2 hutofautiana milimita 16 za kipenyo, ambazo kwenye 265/65R17 ni zaidi ya asilimia 2. Kwako si neno, mradi kila ekseli iwe na pacha zake, ila mwenye fowili anunue manne. Ukitaka kupima mwenyewe, chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma gari hadi alama irudi chini, kisha pima kati ya alama mbili za sakafuni. Pima matairi yote upepo ukiwa sawa.

Jirani Mwema: Jirani ana Ford Ranger, nati sita kama Hilux yangu. Naweza kuazima spea yake?

Jibu: Matundu ya nati yanalingana, tundu la katikati halilingani. La Ranger ni milimita 93, na habu ya Hilux (kitovu kinachoshika rimu) inahitaji 106, kwa hiyo rimu haitaingia. Ya Hilux kwenye Ranger itaingia lakini itacheza, ikishikiliwa na nati peke yake. Nissan Navara nayo ina nati sita, ila duara la nati zake ni dogo zaidi.

Mkongwe wa Njia: Mimi nimetembelea spea tofauti miaka miwili, mbele kulia, na gari langu halijawahi kulalamika. Mnatisha watu.

Jibu: Mzee wangu, umesema mwenyewe iko mbele, na gari lako naambiwa halina fowili. Ndivyo nilivyoandika. Ningeshukuru kama tungesoma kabla ya kupinga.

Mama Vifaranga: Nimekwenda kushusha spea kujaribu, mnyororo wake umekatika mkononi kwa kutu. Nifanyeje?

Jibu: Afadhali umekatika uani kwako kuliko spea kudondoka mbele ya basi. Usiifunge kwa waya. Ibebe juu ya bodi ukiilaza na kuikaza kwa mkanda mpaka ubadilishe kifaa kizima cha kuishushia, kisha kipya ukipake grisi na ukishushe na kukipandisha kila unapobadilisha oili. Wakati huohuo ipime spea upepo, maana nyingi nilizowahi kuzishusha zilikuwa laini kama mto.