Jinsi ya kufuatilia ndege wa majini kati ya ziwani na majarubani huku Mwanza

Wengi wakianza kuhesabu ndege wa majini wanakimbilia ufukweni tu, alafu mvua zikikolea wanaona yangeyange (wale ndege weupe wenye miguu mirefu) wamepungua kwenye matete wanasema ndege wameisha. Hawajaisha jamani, wako kwenye mpunga. Fanya hivi.

1. Chagua sehemu mbili zilizo jirani, moja ya ziwani (matete, mafunjo, au pale mto Simiyu unapoingia ziwani) na moja ya majaruba (vitalu vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji), Magu na Misungwi yapo mengi. Msalimie mwenye shamba kwanza, umweleze unachofanya, yeye ndo anajua ndege wanashukia wapi.

2. Tafuta mwenzako, mmoja akae ziwani mwingine shambani, anzeni pamoja saa 12 na nusu asubuhi. Hapa usifanye mchezo, ukihesabu ziwani leo na shamba wiki ijayo unaweza kuhesabu walewale mara mbili au ukawakosa kabisa.

3. Andika hali ya shamba kila mara, maji yamefika wapi na mpunga una kimo gani, maana hiyo ndo inayowahamisha. Shamba likilimwa yangeyange wanafuata plau na ng'ombe wakiokota panzi, likijaa maji anakuja korongo domo-wazi kutafuta konokono, nao ndege wadogo wa chamchanga wanadokoa tope, mpunga ukishafunga (ukijaa bila nafasi katikati) wengi wanaondoka coz hawana pa kutembea, alafu mkivuna bata wanakuja kwenye punje zilizodondoka, na majaruba yakikauka kiangazi kinachobaki ni ziwa tu.

4. Kundi kubwa usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, angalia wamechukua nafasi kiasi gani, endelea kwa makumi.

5. Bata wale wanaopiga mluzi wakiruka, mchana wanapumzika majini, usiku ndo wanaenda kula shambani, kwa iyo kaa njiani kwao jioni jua likizama, au muulize anayelinda mpunga usiku.

6. Rudia kila mwezi, ila Januari usikose kabisa, ndo mwezi wa sensa ya kimataifa ya ndege wa majini tangu 1967, na ndege wageni kutoka Ulaya na Asia bado wapo kabla hawajaanza kurudi kwao Machi, Aprili.

Ukikuta wengi wamekufa, iwe sumu ya shambani au mafua ya ndege, usiwashike kwa mikono wala asile mtu, piga picha mwite afisa mifugo wa kata.