Kufuatilia Ukuaji wa Mtoto Tumboni kwa Kadi ya Kliniki

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siyo siku mimba ilipotunga. Anayeambiwa ana wiki 6 amebeba kiumbe cha wiki 4 hivi. Tarehe hiyo ikikosewa, vipimo vyote vinavyofuata vitasomeka vibaya, kwa hiyo anza nayo.

Chukua siku damu ilipoanza, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3 na uongeze mwaka mmoja. Aliyeanza hedhi Jumatatu tarehe 5 Januari 2026 anatarajia kujifungua 12 Oktoba 2026. Wiki zake hutimia kila Jumatatu, na tarehe 25 Mei anafikisha 20. Kama mzunguko wako ni wa siku 35 badala ya 28, sogeza mbele siku 7.

Hesabu hii haimfai aliyeshika mimba akinyonyesha kabla hedhi haijarudi, wala aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango karibuni. Huyo anahitaji ultrasaundi mapema, kabla ya wiki 14 ikiwezekana. Wakati huo mtoto hupimwa kutoka utosini hadi matakoni, na tarehe hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Ya wiki 34 inaweza kupishana hata kwa wiki 3, maana watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa. Tarehe ikishathibitishwa mapema, usiibadilishe eti karatasi ya ultrasaundi ya mwezi wa nane wa mimba imetaja nyingine. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, wakadhani mtoto amepitiliza au amedumaa.

Wiki ya 12 mtoto ana sentimita 5 hadi 6, utosi hadi matako. Wiki ya 20 ana gramu 300 hivi, wiki ya 28 kilo moja, na anayetimiza wiki 40 mara nyingi huzidi kilo 3. Hizo ni wastani; usimpime wa kwako kwa gramu.

Kinachofaa zaidi kufuatilia ni kimo cha mimba kwenye kadi. Wiki ya 12 mfuko wa uzazi unaanza kupapaswa juu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 unafika kitovuni. Kuanzia hapo hadi wiki ya 36, sentimita hukaribia idadi ya wiki: wiki ya 28, tarajia 26 hadi 30. Kojoa kabla ya kupimwa, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha kipimo. Lala chali, miguu imenyooka. Futi kamba inatoka juu ya mfuko wa uzazi hadi kwenye mfupa wa kinena. Tazama mwendo wa namba kuliko namba moja. Kimo kilichosimama mahudhurio mawili, au kilichoruka ghafla, kinahitaji ultrasaundi: huenda mtoto hakui vizuri, ni pacha, maji yamezidi au yamepungua, au kuna uvimbe kwenye kizazi. Wakati mwingine ni kwamba aliyekupima safari hii ni mtu mwingine tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mapigo ya moyo wa mtoto huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Usijipime kwa mashine ya nyumbani ukatulia, kwani ni rahisi kusikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni yake.

Mimba ya kwanza, mtoto huanza kusikika akicheza wiki ya 18 hadi 20. Zinazofuata, hata wiki ya 16. Kondo la nyuma likiwa limejishika upande wa mbele wa mfuko wa uzazi, mateke huchelewa kusikika. Kuanzia wiki ya 28 jifunze mtindo wake: anacheza saa ngapi, kwa nguvu gani. Ukiona amepunguza, lala kwa ubavu wa kushoto uhesabu. Asipofikisha michezo 10 ndani ya saa 2, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Ule usemi kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa kwa kukosa nafasi si kweli. Staili ya kucheza hubadilika, lakini hapaswi kupunguza.