Captain Tsubasa II: mfikishe Tsubasa kwenye boksi akiwa bado ana pumzi

Captain Tsubasa II: Super Striker ilitolewa na Tecmo huko Japani mwaka 1990, kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Ni gemu ya mpira inayochezwa kwa menyu, na mchezaji wako nyota ni Tsubasa. Unakimbia na mpira, unabonyeza kitufe, mchezo unasimama, unachagua: chenga, pasi, shuti au kugongeana. Kinachofuata kinaamuliwa na uwezo wa wachezaji, na bahati kidogo. Wengi huikatia tamaa mapema kwa sababu wanapiga mashuti hovyo. Gemu hii ni tamu mno kuachwa hivyo, kwa hiyo fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jiandae. Gemu yenyewe ni ya Kijapani, ila mashabiki wameitafsiri. Tafuta toleo la lugha unayoisoma. Baada ya mechi unapewa neno la siri la kuendelea ulipoishia. Ukiwa na toleo la Kijapani, lipige picha kwa simu. Herufi zao, mfano ぬ na め, zinafanana mno, na ukikosea moja tu neno linakataliwa.

Hatua ya 2: Chunga pumzi. Kila mchezaji ana namba inayoitwa Guts. Hiyo ndiyo pumzi yake. Chenga inaipunguza, pasi inaipunguza, na Drive Shot, shuti maalumu la Tsubasa, inaila kwa pupa. Ikipungua sana, hataweza kuipiga tena.

Hatua ya 3: Jenga shambulizi. Hapa ndipo unaposhinda au kupoteza mechi. Unaanza na São Paulo, klabu ya Tsubasa huko Brazil, dhidi ya Fluminense, na kishawishi ni kumpa Tsubasa mpira katikati ya uwanja awapige chenga wote. Usifanye hivyo. Waache viungo waubebe. Beki akikusogelea, chagua pasi. Ramani ya uwanja itafunguka, nawe utachagua wa kumpa. Tsubasa aupokee karibu na boksi. Shuti la mbali hufika langoni limepoa, na kila beki anayejirusha mbele yake hulipunguza nguvu. Kama njia imejaa mabeki, peleka mpira pembeni, kisha mwinulie mpira wa juu. Ukimfikia ndani ya boksi, chagua shuti apige tikitaka.

Hatua ya 4: Kaba mapema. Adui akiwa na mpira unabashiri: umpore, uzuie pasi au uzibe shuti. Kipa wako, Renato, si wa kutegemewa, kwa hiyo ziba shuti kabla halijamfikia. Likimfikia la nguvu, mwambie apangue. Kudaka ni kugumu zaidi, ingawa kunakupa mpira.

Hatua ya 5: Usizime mashine ukifungwa. Hata ukipoteza mechi, wachezaji wanapata uzoefu na kupanda kiwango, kisha unairudia mechi ileile mkiwa na nguvu zaidi. Ukiwa nyuma mabao matatu, endelea kucheza hadi filimbi.

Baadaye utaongoza timu ya taifa ya Japani. Mshambuliaji Hyuga na shuti lake maalumu, Tiger Shot, wakishaingia kikosini, gawanya kazi: kipindi cha kwanza mtumie Hyuga zaidi, Tsubasa atoe pasi fupi tu, ili dakika za mwisho awe bado na Drive Shot mguuni.